Kisanduku Kina Kufuli Tatu
(Maneno ya kikundi yaliyosomwa siku ya kutimiza miaka kumi)

 

Tulipopewa nafasi hii wengi mlitegemea tusome hesabu. Hesabu zimo katika kurasa za mbele za kijitabu hiki, mweka hazina wetu amezipanga vizuri, na mwenye swali amwone baada ya chakula. Sisi tumeomba tuzungumze jambo moja ambalo halimo katika hesabu zile, ingawa limetugharimu hela, usingizi na maneno mengi. Ni habari ya mwenzetu mmoja aliyeshikwa na pombe, akatibiwa, na mpaka leo anajaribu kujenga upya maisha yake mbele ya watu walewale waliomwona akianguka. Mwenyewe yupo hapa ameketi. Alitupa ruhusa tusimulie, ila aliomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu hotuba husahaulika lakini kijitabu hukaa kabatini, na watoto wake wanajua kusoma. Basi tutamwita mwenzetu. Wengine mtamtambua. Tafadhali jamani, msigeuze shingo.

Kwanza tuseme kidogo juu ya mahali penyewe, maana wageni wetu kutoka Handeni na Korogwe mjini mnalijua jina la Lutindi kwa namna moja tu. Mtu akifanya kituko huko kwenu mnamwambia, "wewe ni wa kupelekwa Lutindi," kama watu wa Dodoma wanavyotaja Mirembe. Lakini nyumba hii ya juu ina historia yake. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walijenga hapa makao ya watoto waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Mwaka 1904 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na inahesabiwa kuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki. Mirembe yenyewe ilikuja mwaka 1927. Leo iko chini ya KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Sisi tumezaliwa tukiwaona wagonjwa wakifanya kazi, wengine bustanini, wengine kwenye chai, wengine karakana, kwa kuwa kazi ni sehemu ya matibabu yao. Tunasalimiana nao njiani. Mtoto wa Lutindi hamkimbii mgonjwa wa akili.

Sasa basi, kuna jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulifikiria. Mgonjwa wa Handeni, Muheza au Tanga mjini akipona hupewa ruhusa, huteremka mlima, na safari yenyewe inampa nafasi ya kupumua. Mwenzetu alipopewa ruhusa alitoka getini akatembea kwa miguu hadi nyumbani kwake. Alipita mbele ya watu waleule waliombeba kumpandisha. Hakuwa na pa kwenda kuanza upya. Ilibidi aanzie palepale alipoishia.

Mwenzetu ni mwanzilishi. Tulipoanza, alikuwa mmoja wa wanachama thelathini, vikundi vidogo sita vya watu watano watano, kama utaratibu wa VICOBA unavyotaka. Alijua hesabu kuliko wengi wetu, na kwa hiyo tulimpa ufunguo. Kwa wale wasiofahamu, kisanduku chetu kina kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa kwa mtu wake, naye mtunza kisanduku hana hata mmoja. Hakuna anayeweza kukifungua peke yake. Kila wiki mwanachama ananunua hisa moja hadi tano, anachangia mfuko wa jamii, na baada ya muda anaweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake akiwa na wadhamini. Mwisho wa mzunguko tunavunja, tunagawana, tunaanza tena.

Alianza na viroba. Mnavikumbuka vile vipakiti vya pombe kali vilivyouzwa hadi kwenye vibanda vya pipi. Mtu alikuwa anatia kimoja kwenye sidiria anaenda nacho shambani kuchuma chai, na hakuna aliyejua. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na sisi akina mama tulishangilia. Kwa mwenzetu marufuku ile ilikuja amekwisha kuzoea, kwa hiyo alihamia kwenye gongo. Gongo nayo ni marufuku tangu zamani, lakini ninyi nyote mliokaa hapa mnajua inapopatikana, hata akina baba mnaotazama chini.

Siku moja tulikutana kama kawaida, kisanduku kikaletwa, funguo mbili zikatolewa, ya tatu haipo. Mwenzetu hakuja. Tulikaa saa mbili tunakitazama kisanduku. Siku hiyo mama mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa na alihitaji hela za mfuko wa jamii apate nauli ya kumteremsha Korogwe. Tulichangishana vichache tulivyokuwa navyo vitambaani akaondoka. Jioni ndipo tulipoupata ufunguo wetu: ulikuwa umewekwa rehani kwa muuza gongo. Hela haikupotea hata senti, kwa sababu ufunguo mmoja haufungui kitu. Lakini ninyi mnajua kilichopotea.

Juu ya hayo alikuwa na mkopo. Alikopa kwa ajili ya biashara ya mitumba, akateremka Korogwe na hela, akarudi bila hela na bila mitumba. Wadhamini wake wawili walilipa. Mmoja wao aliuza mbuzi wawili, na mbuzi wale walikuwa wametengwa kwa ada ya mtoto. Kufuli tulibadilisha, jina lake tukalikata kwa wino mwekundu kama katiba inavyosema. Mumewe alikwisha kuondoka kabla ya hapo. Watoto wakachukuliwa na bibi yao huko Handeni.

Hapa tunataka tukae kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo akina mama wengi hawalijui na linaweza kuokoa mtu. Ndugu zake walipochoka walimfungia chumbani. Walisema akae siku tatu bila tone, itatoka yote. Ni watu wazuri na walitaka kusaidia. Siku ya kwanza alitetemeka mikono hata kikombe hakishiki, anatoka jasho, halali. Usiku wa pili akaanguka kifafa. Alipozinduka alikuwa anaona wadudu ukutani na kuzungumza na marehemu mama yake. Majirani walisema amerogwa. Vijana walimfunga kwenye kitanda wakampandisha hospitali usiku uleule.

Maelezo tuliyopewa baadaye na wauguzi ni haya. Pombe huutuliza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujizoeza kwenda mbio zaidi ili ushindane na kile kitulizo. Ukiiondoa pombe ghafla, ubongo unabaki na mbio zake bila breki. Kutetemeka huanza baada ya saa chache. Kifafa mara nyingi huja kati ya saa sita na saa arobaini na nane. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo huja zaidi siku ya pili hadi ya nne, na hapo mtu anaweza kufa. Kwa hiyo mlevi wa kila siku anayetaka kuacha apelekwe kwenye huduma ya afya, apewe dawa za kutuliza kwa kipimo kinachopunguzwa polepole, na vitamini B1, kwa sababu pombe huimaliza mwilini na upungufu wake unaharibu kumbukumbu. Chumba na kufuli si matibabu. Aidha tulielezwa kwamba mwanamke akinywa sawasawa na mwanamume, pombe humpanda zaidi, kwa kuwa mwili wake una maji kidogo, na ini lake huharibika mapema. Wengine hapa walicheka waliposikia habari ya maji. Ndivyo ilivyo.

Alipotoka hospitali alikuja kwenye kikao. Hakuingia, alisimama mlangoni. Hakuomba mkopo wala msamaha. Aliomba aruhusiwe kununua hisa moja kila wiki, moja tu, na hela hiyo ikitimia iwalipe kwanza wadhamini wake. Tulimwambia akae nje tujadili.

Tusiwafiche, mjadala ule ulikuwa mkali. Mama aliyeuza mbuzi alisema maneno ambayo hakuna aliyeweza kuyajibu: "Mnamhurumia yeye. Mwanangu alirudishwa nyumbani kwa ada, nani alimhurumia?" Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzee mmoja wetu akasema mfuko wa jamii ni wa msiba, uzazi na maradhi, na ulevi ni wa kujitakia. Mwingine akamjibu kwamba hata yeye ana kisukari, na chai yake ya jana ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari, na mfuko ulimpa nauli ya kliniki bila kumuuliza habari ya vijiko. Watu wakacheka, mjadala ukapoa kidogo. Tulipiga kura za siri kwa mahindi na maharage, harage la ndiyo, hindi la hapana. Maharage yalizidi, kwa machache sana.

Masharti yalikuwa haya: hisa moja, hakuna mkopo mpaka deni liishe, na asipofika kikaoni alipe faini kama mtu mwingine yeyote. Hatukumwekea sharti la kuapa kwamba hatakunywa tena. Wengine walitaka. Lakini wauguzi walikwisha kutuambia kwamba wengi hurudia angalau mara moja, na tukaona kiapo kikivunjika mtu hukimbia kwa aibu, na akikimbia deni halilipwi. Mtaona sisi ni watu wa hesabu hata kwenye huruma.

Na kweli, mwezi wa saba alirudia. Palikuwa na harusi, alipewa kikombe cha kwanza na shangazi aliyesema kidogo hakidhuru. Mchovya asali hachovyi mara moja. Vikao vitatu hakuonekana. Cha nne alikuja macho mekundu, akaweka mezani faini ya vikao vitatu na hisa moja. Katibu akaandika. Hakuna aliyesema neno, na tunadhani kunyamaza kule ndilo jambo bora tulilowahi kulifanya katika miaka hii kumi, kuliko hata mabati ya zahanati.

Sasa kuna jambo linalotugusa sisi wenyewe. Hisa za baadhi yetu zinatokana na boha. Mama anakamua miwa, anapika, anauza, Alhamisi analeta hisa. Ndiyo iliyosomesha watoto wengi mlima huu, na hatutasimama hapa mbele ya wageni tukajifanya hatuijui. Lakini tulikuwa tunakutania uani kwa mwenzetu mmoja anayeuza, na harufu ilikuwa palepale. Mwenye ua alisema mwenyewe, "Tuhame." Alipoteza wateja wa siku ya kikao, ambao ni sisi na waume zetu, na hajawahi kudai. Tangu hapo tunakutana darasani shuleni. Wapo wanachama wanaosema kikundi kikataze kabisa hela ya pombe. Wapo wanaouliza, mkikataza mtatupa nini badala yake? Jambo hilo halijaisha, na tunaomba wataalamu wa maendeleo ya jamii mliopo mlifikirie kabla ya kutuletea semina nyingine ya ujasiriamali.

Tulichojifunza zaidi ni kwamba hatari kubwa ya mtu wa namna hii ni hela mkononi. Wengine hudhani umaskini ndio unaomnywesha. Mwenzetu anasema siku ya mshahara wa chai ndiyo mbaya kuliko siku ya njaa. Kwa hiyo siku hiyo huongozana na mwanachama mmoja, wananunua unga, mafuta na sabuni papo hapo, kinachobaki kinakuja kwenye hisa. Simu yake haina hela ya kulaza. Kutoka shambani huzunguka kwa njia ya shuleni, ndefu zaidi, kusudi asipite penye kile kibanda. Na siku ya kuvunja mzunguko, ambayo sisi wengine tunaingoja kama sikukuu, yeye alikuwa halali kwa hofu. Mwaka wa kwanza alituomba tusimpe fedha taslimu. Mweka hazina aliteremka naye Korogwe, hela ikatolewa dukani, wakarudi na mabati ya geji 30. Nyumba yake sasa haivuji. Mabati huwezi kuyanywa, alituambia, na tangu hapo wengine wawili, ambao waume zao ndio wanywaji, wameomba wafanyiwe hivyohivyo.

Deni la wadhamini limekwisha. Lilichukua muda mrefu, lakini daftari lipo, limekwisha lote.

Mnaotoka mjini mnajua pia habari ya heroini, yaani unga. Kwa huo kuna dawa ya methadoni, ambayo mgonjwa hunywa kila siku mbele ya mhudumu. Ilianza kutolewa Muhimbili mwezi Februari 2011 na baadaye ikafika mikoani, hata Bombo pale Tanga. Mwanamuziki Rehema Chalamila, tuliyemjua sote kwa jina la Ray C, habari zake za unga zilipojulikana mwaka 2012, Rais wa wakati ule, Jakaya Kikwete, alimsaidia kupata matibabu, na dada yule akasema hadharani bila kujificha. Alifanya jambo kubwa, maana wengi walidhani ni aibu ya vijana wa vijiweni tu. Mwenzetu wa Lutindi hana Rais. Ana sisi, tena si wote.

Tunasema si wote kwa sababu nje ya kikao mambo bado ni magumu. Alianza kukaanga vitumbua, watu wakawa wanapita kibandani kwake wakinunua kwa jirani, eti hawajui mikono yake ilishika nini. Mikono ile ina usafi kuliko ya wengi. Sokoni akitoa noti inainuliwa juani ikaguliwe. Akikohoa, akicheka kwa sauti, akichelewa kuamka, watu wanaangaliana. Alituambia, "Mimi siruhusiwi hata kusinzia." Ndugu zetu mliopo, mwenye kupenda vitumbua aanzie hapo.

Mwaka jana kwenye uchaguzi mwanachama mmoja alimpendekeza awe tena mshika ufunguo. Kabla hatujainua mikono alisimama akasema bado. Alisema anajua thamani ya ufunguo kuliko mtu yeyote humu kwa sababu yeye ndiye aliyewahi kuuuza. Hatukumlazimisha.

Lililo mbele yetu sasa ni hili. Ameomba mkopo wake wa kwanza tangu arudi, wa kununua cherehani. Kushona alijifunza zamani, na sare za shule kila Januari zina wateja. Bibi wa watoto huko Handeni amekubali kumrudisha kitinda mimba mwezi Januari mama akiwa na kazi ya kueleweka, na amesisitiza neno hilo, kueleweka. Kuchuma chai kwa kibarua hakumtoshi. Hisa zake zinaruhusu kiasi anachoomba. Wadhamini wanaotakiwa ni wawili, na amepatikana mmoja, yule aliyetuhamisha uani kwake. Mama aliyeuza mbuzi ameombwa na amekataa. Anamsalimu, anakaa naye benchi moja, vitumbua ananunua, lakini sahihi hatoi. Ni haki yake, na tunaomba mtu yeyote asimseme vibaya leo wala kesho.

Kwa hiyo anatafutwa mdhamini wa pili, awe mwanachama mwenye hisa zisizopungua zile zinazotajwa katika katiba. Fomu iko kwa katibu. Kikao ni Alhamisi saa tisa alasiri, darasa la nne, kama kawaida. Wageni waliouliza kama wanaruhusiwa kuhudhuria: mnaruhusiwa kusikiliza, ila hampigi kura.